Bustani ya Chokaa huko Kidichi

Mtu akitoka mjini Unguja kwenda upande wa kaskazini kwa njia ya pwani, hupita Mtoni hata akafika Bububu. Akiisha kufika Bububu huiacha bahari nyuma yake, akashika njia ya kuume ipandayo juu katikati ya minazi na mikarafuu na mifenesi, na baada ya mwendo wa saa moja kwa miguu hufika Kidichi. Siku hizi ni wachache waendao kwa miguu. Wenyeji hupanda daladala, na wageni huletwa kwa magari kutazama mashamba ya viungo. Huonyeshwa hiliki na mdalasini na mchaichai, huvikwa kofia za makuti, kisha hupitishwa mbio katika nyumba ndogo nyeupe, wakatoka upesi wakaenda kula. Habari za nyumba hiyo ndizo nitakazo kuwaandikia. Nami siwacheki wageni, kwa maana katika ujana wangu nalipitishwa mbio ndani yake mara mbili, nisione kitu.

Mwaka jana, Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, nalikwenda huko na watoto 11 wa darasa langu. Twalishuka kwanza Mtoni, kwa kuwa nalitaka waone magofu ya jumba la Seyyid Said bin Sultan lililo ufukoni. Humo ndimo alimozaliwa binti yake Salme mwaka 1844, yule aliyekwenda Ujerumani baadaye akaitwa Emily Ruete, akaandika kitabu cha maisha yake kilichopigwa chapa mwaka 1886. Katika kitabu hicho asimulia jinsi ua wa jumba hilo ulivyokuwa umejaa wanyama na ndege waliotembea wapendavyo: paa, tausi, kanga, bata, heroe, hata mbuni. Naliwaambia watoto, “Wakumbukeni hao tausi, tutakutana nao tena mbele.” Wakadhani nawafanyia mzaha.

Tulipofika Kidichi walivunjika moyo, wala siwalaumu. Nyumba yenyewe haina fahari kwa nje. Ni kuta zilizopakwa chokaa, na juu yake makuba. Binti mmoja akasema, “Mwalimu, ni kama bakuli zilizofudikizwa juu ya meza.” Mzee aliyekuwa mlangoni akamsikia, akacheka. Twalimwamkia, akatupokea vizuri, akatukatia tiketi, akatuambia tusishike kuta kwa mikono, maana jasho la mikono hula chokaa.

Hamamu hiyo yajulikana ya kuwa ilijengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said. Yeye na mkewe walikuja shamba kuwinda na kutazama kazi ya karafuu, na baada ya safari yenye jua na mavumbi walitaka mahali pa kuoga na kupumzika. Ndani mna mahali pa kuvulia nguo, mna mabaraza ya mawe, mna birika la kuogea, mna na vyoo; na maji yalitiwa moto kwa tanuru lililokuwa chini. Nyumba ya kulala iliyokuwa karibu imekwisha kutoweka. Imebaki hamamu peke yake, nayo ni kavu.

Mtu aingiapo kutoka juani haoni kitu ila weupe na mawaa ya ukungu mweusi. Hapo ndipo wengi hugeuka wakatoka. Walakini akivumilia, macho yake yakaizoea ile nuru ndogo ishukayo kwa matundu ya kuba, kuta huanza kufunguka. Kwanza huona jani. Kisha jani huwa tawi, na tawi huwa na ua, na juu ya ua yupo ndege. Kisha huona mitende, na mayungiyungi, na tausi. Vyote vimechongwa katika chokaa, vyeupe juu ya weupe, hata havionekani ila kwa kivuli chake chenyewe. Husemwa ya kuwa matundu ya kuba yalikuwa na vioo vya rangi hapo kale. Basi jua lilipozunguka, mabaka ya rangi yalitembea juu ya kuta, na pengine ndege alikuwa mwekundu asubuhi, na kijani adhuhuri.

Nalikuwa nikiwaonyesha watoto mtende mmoja, ndipo niliposikia sauti kama ya panya akwaruzaye ubao. Nikageuka. Kijana mmoja wetu, mwenye miaka 13, alikuwa ameokota msumari njiani, naye alikuwa akichora jina lake chini ya mkia wa ndege. Alikuwa amekwisha kuandika herufi moja. Nikamshika mkono. Hakuwa na ukaidi wowote, alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, “Mwalimu, si chokaa tu?”

Naliyajua maneno hayo. Nilipata kuyasikia zamani, tena kinywani mwangu mwenyewe. Lakini yafaa kwanza nieleze chokaa hiyo ni nini, na kwa nini ndege wapo hapo.

Mke ambaye nyumba hii ilijengwa kwa ajili yake alitoka Uajemi, mjukuu wa Shah, binti yake Irich Mirza. Watu humwita Shehrazad. Salme ameandika habari zake, wala hamsifu sana. Asema ya kuwa nguo zake za Kiajemi zilitarizwa lulu tangu juu hata chini, na mtumishi aliyeokota lulu zilizoanguka sakafuni akitaka kumrudishia, bibi huyo alikataa kuzipokea. Alipanda farasi, akaenda kuwinda pamoja na wapanda farasi wake wa Kiajemi, uso wake wazi, na jambo hilo liliwachukiza watu wa Unguja. Mwisho Seyyid Said alimwacha, akarudi kwao. Hakuzaa naye mtoto, wala hana kaburi katika kisiwa chetu. Hizo nakshi za Kidichi ndizo karibu zote zilizobaki za kukaa kwake huku.

Sasa tutazame alichozungushiwa alipokuwa akioga. Nje ya kuta zile mna minazi na mikarafuu, miti ya Unguja. Ndani mna mitende. Wasomaji mwajua ya kuwa tende si zao la kisiwa hiki. Tulizila daima kwa kuletewa na majahazi ya kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, zimeshindiliwa katika makanda. Mtu wa Unguja hapumziki chini ya mtende. Lakini mtu wa Uajemi aujua tangu utoto wake, na tausi amewaona bustanini, na yungiyungi katika birika la maji. Tena Seyyid Said alikuwa Mwibadhi, na watu wa madhehebu yake hawapendi sanamu za viumbe hai nyumbani. Hata mafundi wetu wa pwani, waliojua sana kuchonga chokaa, kama zionyeshavyo zidaka za nyumba za kale za Lamu na Pate, walipenda majani na nyota na mafundo kuliko viumbe hai. Hapa ndege wamejaa. Basi mwenye nyumba amewaachia nafasi. Naona ya kuwa mtu mkali katika mambo mengi alikubali katika jambo hili moja kwamba mke aliye mbali na kwao apewe bustani ya kwao.

Na neno hilo bustani, tulitumialo kila siku, ni la Kiajemi. Kwao “bu” ni harufu njema, na “stan” ni mahali. Yaani mahali pa harufu njema. Firdausi nalo, lililopita katika Kiarabu hata likafika kwetu, asili yake ni neno la Uajemi wa kale, maana yake kiwanja kilichozungushwa ukuta. Wayunani walilichukua, na wafasiri wa Maandiko wakalitumia kwa habari ya Edeni. Nchi ile ni kavu sana. Ukitoka nje ya ukuta ni mchanga na mawe na jua. Ukiingia ndani ni maji na kivuli. Kwa hiyo mtu wa huko akitaka kusema heri kuu, husema ukuta ulio na bustani ndani yake. Sisi watu wa pwani, ambao miti tunayo na joto tunalo, twapaita mahali hapo Peponi, penye upepo. Kila watu wamejenga heri yao kwa kile wanachokikosa.

Wafalme wa Uajemi walizigawa bustani zao sehemu nne kwa mifereji ya maji. Huko Pasargadae, kwenye jumba la Mfalme Koreshi aliyetawala katika karne ya 6 kabla ya Kristo, mifereji ya mawe ya bustani yake yaonekana hata leo. Msomaji akumbuke ule mto wa kitabu cha Mwanzo uliogawanyika vichwa vinne. Bustani ilikuwa dunia nzima imefanywa ndogo, hata mtu apate kuizunguka kabla ya chakula.

Lakini bustani hunyauka. Ndipo watu wa nchi ile walipojifunza ustadi mwingine, wa kuitengeneza bustani isiyo na mche hata mmoja. Katika mji wa Ctesiphon wafalme wao walikuwa na zulia kubwa mno lililofumwa mfano wa bustani wakati wa masika: ardhi yake dhahabu, mifereji yake vito, na maua yake vito vya rangi mbalimbali. Lilitandikwa wakati wa baridi, miti ya nje ikiwa imepukutika, na mfalme akakaa juu yake na wageni wake kana kwamba maua yamechanua. Waarabu walipouteka mji huo mwaka 637 zulia hilo lilikatwa vipande vipande, likagawanywa kama nyara. Sasa hamamu ya Kidichi, katika udogo wake, ni ndugu ya zulia lile. Yungiyungi hakuna, tende hakuna, tausi walikuwa Mtoni. Lakini mtu akitiwa katika maji ya moto, mvuke ukapanda mbele ya macho yake, na majani meupe yakaanza kama kutikisika ukutani, huenda kwa nafasi kidogo hakuwa Unguja.

Nisieleweke vibaya. Siku hizi kuna desturi ya kuwaambia wageni maana ya kila nakshi kama mtu asomaye bei za sokoni: yungiyungi ni uzazi, mtende ni wingi wa mali, mnyororo ni ulinzi. Husemwa hivyo juu ya milango ya mjini, na mengine yaweza kuwa kweli. Lakini mfano si kufuli yenye ufunguo mmoja. Mtende wa Kidichi naona ni mtende kwanza. Huuelewi kwa kuambiwa ni ishara ya nini. Wauelewa kwa kukumbuka ya kuwa mtazamaji wake wa kwanza aliutazama akiwa safari ya majuma mengi baharini mbali na mtende halisi wa kwao. Anayetaka kupima neno langu na aende Kizimbani, si mbali. Huko pana hamamu nyingine ya namna hiyohiyo, nayo haina nakshi ndani. Ni mahali pa kuoga, basi.

Na sasa lipo jambo lililonizuia mimi miaka mingi nisiipende nyumba hii. Chokaa haianguki kutoka mbinguni. Matumbawe huvunjwa pwani, huchukuliwa juu ya vichwa. Magogo hukatwa, hupangwa kwa mviringo, na mawe hurundikwa juu yake. Moto hutiwa, nayo huungua. Kisha huachwa mvua na umande viyavunje hata yawe unga. Halafu unga huo huchukuliwa tena. Na kutoka pwani ya Bububu kwenda Kidichi ni kupanda. Nani waliopanda nayo? Mwaka 1850 mashamba ya karafuu yalikuwa yameenea katika sehemu ile yote. Yasemwa ya kuwa Seyyid Said aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Waliopanda, na kupalilia, na kuchuma, walikuwa watumwa, walioletwa kwa njia ya Kilwa kutoka nchi za Nyasa na kwingineko. Soko lao hapa mjini lilifungwa mwaka 1873 tu, pale Mkunazini lilipo kanisa kuu, na sheria ya kuimaliza hali ya utumwa Unguja ilikuja mwaka 1897. Vitabu nilivyovisoma vyataja jina la Sultani na jina la mkewe. Waliochoma chokaa hawatajwi, wala waliotia kuni chini ya birika ili maji yawe ya moto mguuni pa bibi.

Mimi ni mtoto wa watu hao. Bibi yake bibi yangu, mzaa mama, alitekwa angali mtoto katika nchi ya Wayao, akateremshwa pwani, akatiwa jahazini. Jahazi likakamatwa na Waingereza, na yeye akapelekwa Mbweni, katika lile shamba Misheni ililolinunua mwaka 1871 na kuwaweka watu waliofunguliwa. Hapo ndipo alipokua, akaolewa, akafa. Bibi yangu alimjua, naye ndiye aliyenisimulia.

Mwanamke huyo alikuwa na bustani. Hakuna aliyeiita hivyo. Nyuma ya nyumba, kati ya jiko na mpapai, alipanda ulezi kidogo kila mwaka, tuta moja tu, nao hakuula; aliutazama ukizaa, ndege wakaumaliza. Na kando ya tuta hilo alisimamisha mawe matatu, moja kubwa na mawili madogo kuliko hilo. Watoto wa nyumba walidhani ni mafiga yaliyowekwa mbalimbali mno, hata chungu kisingekaa. Yeye aliyaita kwa majina. Yalikuwa vilima vya kwao, naye aliyapanga kama vilivyoonekana kutoka mlangoni mwa mama yake. Tena angalieni, wasomaji: Unguja haina jiwe ila la bahari. Alitengeneza milima ya bara kwa mifupa ya matumbawe.

Tuta la ulezi lilikwisha na yeye. Mawe yalibaki. Bibi yangu aliyafagilia kila asubuhi maisha yake yote, akizungusha ufagio asiyaguse, hata mimi nikazaliwa nikayakuta. Nilipokuwa na miaka 9 nalihitaji nguzo za goli. Naliyachukua mawili, lile kubwa na moja katika yale madogo, nikayapeleka pwani maji yakiwa yamekupwa, nikacheza na wenzangu hata jioni. Jua lilipokuchwa maji yalijaa. Moja lilifunikwa na mchanga, sikuliona tena. Na lile jingine mvuvi alikuwa amekwisha kulifunga kamba liwe nanga ya ngalawa yake, akaenda zake.

Bibi hakunipiga. Alisimama na ufagio wake penye mashimo mawili. Kisha akaniuliza, kama wafanyavyo mabibi kwa wajukuu zao, “Mume wangu, Unango umeupeleka wapi?”

Nikamjibu, “Bibi, si mawe tu?”

Jioni ile aliniambia habari zote nilizowaandikia. Majina ya vilima vingine viwili aliyataja pia. Nalikuwa na haraka ya kurudi kwa wenzangu. Nalishika moja tu, Unango, kwa sababu ndilo aliloniuliza. Miaka mingi baadaye, Bibi akiwa amekwisha kufariki, naliyatafuta yale mawili katika kitabu cha habari za Wayao cha Kasisi Yohanna Abdallah, aliyekaa Unango huko, kilichopigwa chapa mwaka 1919. Humo naliona ya kuwa jina lenyewe la Wayao latoka katika kilima kiitwacho Yao, kisicho na miti, chenye majani tu. Pengine kilikuwa kimojawapo. Siwezi kusema.

Nilipokuwa mtu mzima nalisoma habari za bustani za Japani, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa nalifanya nini siku ile. Mjini Kyoto pana hekalu liitwalo Ryoan-ji, na ndani ya ukuta wake pana kiwanja cha changarawe nyeupe, bila mti, bila maji. Juu ya changarawe yamewekwa mawe 15 kwa mafungu, yenye kuvu kidogo za kijani miguuni pake. Watawa huipitishia changarawe reki ya mti, ikafanya mistari kama mawimbi. Mtu aketiye barazani akitazama hawezi kuyaona mawe yote 15 pamoja. Akisogea kuliona lililofichwa, jingine hujificha. Wengine husema ni visiwa baharini. Wengine husema ni chui milia avushaye watoto wake mtoni. Waliolitengeneza hawakuacha maelezo. Katika mji wa Kumamoto iko bustani nyingine ambayo kilima chake cha majani kimefanywa mfano wa mlima Fuji, mdogo hata mtoto angeweza kuupanda kwa pumzi moja. Na katika hekalu la Entsu-ji wamepanda ua wa miti mifupi, ili mlima Hiei ulio mbali uonekane juu yake na kuwa sehemu ya bustani, ingawa si mali yao. Wao huita jambo hilo kuazima mandhari.

Watu husafiri kutoka pande zote za dunia, wakakaa kimya mbele ya mawe 15 ya Kyoto. Nami nalikuwa na matatu nyuma ya jiko. Wao wamefanya bahari kwa mawe. Bibi yake bibi yangu alifanya milima kwa mawe ya bahari. Hakusoma kwa Wajapani wala kwa Waajemi. Alikuwa na shida ileile ya yule binti wa Shah, kwamba mahali apendapo hapafikiki, na kwamba macho yataka kitu cha kushika ili moyo ufike. Mmoja alichongewa ndege na mafundi, na watumwa wakamchukulia chokaa. Mwingine alibeba mawe yake mwenyewe, naye alikuwa wa jamaa ya hao wachukuzi. Siwezi kuwafanya kuwa sawa, wala sitaki. Lakini tangu nilipowaona pamoja moyoni, sikuweza tena kuingia Kidichi na kusema ni anasa ya wakubwa tu. Kwa maana nani ajuaye kama mmoja wa wale waliochukua chokaa hakuinua macho yake kumtazama ndege yule, akakumbuka ndege wa kwao?

Haya ndiyo naliyowaambia watoto, tumeketi juu ya baraza la mawe ndani ya hamamu, ila kwa maneno machache zaidi. Walisikiliza vizuri kuliko wanavyosikiliza darasani. Binti yule wa bakuli akauliza, “Na lile jiwe la tatu, Mwalimu, liko wapi?” Nikamwambia liko palepale Mbweni, nami hulifagilia. Akauliza, “Ni kilima gani?” Nikamjibu kama nilivyowajibu ninyi.

Yule kijana alikuwa kimya muda wote. Kisha akainuka, akamwendea mzee wa mlangoni, akamwambia ameharibu ukuta, akaomba kitambaa na maji apate kufuta ile herufi. Mzee akaja na taa, akatazama kwa muda, akatikisa kichwa. “Acha, mwanangu. Ukifuta utaondoka na mkia.” Akamwambia yako mengi ya namna hiyo, mengine ya tarehe za zamani, na kwamba ukungu wa masika unafanya kazi kubwa kuliko misumari yote. Hakumkemea. Alimpa ile taa aishike, akamwonyesha jinsi ya kuiweka kando karibu na ukuta, si mbele yake, ili vivuli virefuke. Ndipo mabawa yakatoka, na manyoya moja moja, na katika pembe ambayo sote tulikuwa tumeiona tupu akatokea ndege mwingine ambaye hatukumhesabu.

Basi wasomaji mtakaokwenda, chukueni taa ndogo, nendeni asubuhi kabla magari ya wageni hayajafika, na mkae ndani hata macho yazoee. Kutoka kwa hamamu tembeeni kidogo mahali palipo wazi juu ya kilima; siku isiyo na ukungu bahari huonekana chini kupita vichwa vya minazi. Aliyechagua mahali hapa naye alijua kuazima mandhari.

Sisi hatukuiona bahari siku ile. Mvua ya vuli ilitushika tungali ndani, ikapiga juu ya makuba kwa kishindo, na matone yakaanza kupenya katika matundu na kuanguka ndani ya birika kavu. Watoto wakanyamaza kuyasikiliza. Yule kijana alibaki penye ukuta na taa ya mzee mkononi, akiisogeza polepole, nami sikumwita. Twaliondoka saa kumi, tukateremka Bububu tumelowa sote.